Mdhamini anataka watoto ishirini, mimi ninao sitini

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Vingunguti, Dar es Salaam. Kazi yangu ni fundi pikipiki. Jioni nikishafunga kijiwe nafundisha watoto mpira kwenye uwanja wa shule ya msingi iliyo jirani. Sikuanza kwa mpango wowote. Watoto walikuwa wanacheza chandimu barabarani mbele ya kijiwe changu, bodaboda zinapita katikati yao, nikaona hapa siku moja tutaokota maiti. Nikamwomba mwalimu mkuu, akanipa uwanja kuanzia saa kumi na moja mpaka jua linapozama. Huu sasa ni mwaka wa tatu.

Walianza wachache, leo wanafika sitini, wa miaka 8 mpaka 16. Wasichana ni kumi na wanne. Mipira tunayo miwili, na mmoja umevimba ubavuni, ukiupiga unakwenda unakotaka wenyewe. Jezi ni seti moja: kundi la kwanza likitoka wanavua, kundi la pili wanavaa zikiwa bado zimelowa jasho. Daluga wanaazimana, na mara nyingi utakuta jozi moja imevaliwa na watoto wawili, huyu kachukua cha kulia, yule cha kushoto.

Mwezi uliopita alikuja mfanyabiashara mmoja wa hapa mtaani. Watu wanasema ana nia ya udiwani, ingawa mwenyewe hajatamka. Ameahidi mipira kumi, seti mbili za jezi, nyavu za magoli, na posho yangu shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwalimu, mimi, mke wangu na mtoto wetu tunaishi chumba kimoja cha kupanga. Hela hiyo kwangu si ndogo.

Tatizo ni masharti. Nichague vijana ishirini wakali, wengine niwaache. Wasichana wote watoke, anasema wanaleta mambo. Timu ibadilishwe iitwe kwa jina lake. Tuingie mashindano ya chini ya miaka 15, na vijana wangu wawili wa miaka 16 "washushwe", cheti atashughulikia yeye. Wiki moja kabla ya mashindano watoto wakae kambi kwenye nyumba yake ya Kinyerezi ambayo haijapata mpangaji. Kwenye bajeti aliyonionyesha kuna mpaka fungu la kamati ya ufundi. Na wazazi wasaini karatasi kwamba mtoto akiuzwa nje, nusu ya pesa ni ya mdhamini.

Wazazi wamegawanyika. Baba mmoja alinifuata kijiweni akaniambia namzibia mwanawe riziki, Samatta ametoka Mbagala, kwani Vingunguti ina laana gani? Baadhi ya kina mama nao wanalalamika kwamba watoto wanarudi wamechoka, hawagusi daftari. Mke wangu ndiye amenibana zaidi: ama nipokee hela, ama niache mpira, maana siku sita kwa wiki narudi usiku na hata unga sijaleta.

Mdhamini anataka jibu Jumapili ijayo. Nipokee au nikatae? Na nikikataa, hao watoto sitini nitawaendesha kwa kitu gani?

Kocha, Vingunguti

*

Marahaba, Kocha.

Nianze na kambi, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niisome barua yako mara ya pili. Kambi isiwepo. Sisemi huyu bwana ana nia mbaya, simjui. Lakini watoto wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu, wiki nzima kwenye nyumba tupu mbali na mtaa wao, chini ya kocha mmoja ambaye mchana yuko kijiweni anafungua injini, hapo likitokea la kutokea atakayetafutwa ni wewe. Timu za wakubwa huweka kambi kwa sababu wachezaji wao ni watu wazima. Mtoto alale kwao, ale cha kwao, aje uwanjani. Mkiwa na mechi ya mbali waende watu wazima wawili, na kama kuna wasichana mmoja wao awe mwanamke, namba za wazazi zikae mfukoni, na kila mtoto afike mlangoni kwao kabla giza halijaingia. Kwenye jalada la daftari lako andika 116, ile simu ya bure ya kusaidia watoto, na watoto wenyewe waijue.

Karatasi ya nusu kwa nusu nayo irudi ilikotoka. FIFA walikwishapiga marufuku mtu wa pembeni kumiliki kipande cha mchezaji, tangu Mei 2015. Mdhamini wako si klabu. Hata akiwasainisha wazazi wote wa Vingunguti, karatasi ile haitampa haki yoyote kwenye uhamisho. Itakachofanya ni kumtia mzazi hofu kwamba mwanawe ameshanunuliwa. Kisha mueleze yule baba aliyekutajia Samatta jambo moja ambalo mawakala wa mitaani hawalisemi: kanuni za FIFA haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana, kwa mfano wazazi wake wamehamia huko kwa shughuli zisizohusu mpira. Kwa hiyo anayekuja kwa mzazi wa mtoto wa miaka 14 akiomba hela ya pasipoti na majaribio ya Ulaya, huyo afukuzwe mapema. Samatta mwenyewe alipita African Lyon, Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, ndipo Januari 2016 akafika Genk ya Ubelgiji akiwa na miaka 23. Ngazi ilikuwa ndefu, na alizipanda zote.

Kushusha umri ni kughushi. Vyeti vya kuzaliwa hutolewa na RITA, si na mfanyabiashara, na siku mambo yakifumuka aliyepeleka majina kwenye mashindano atakuwa kocha. Tena miili inasema. Tangu Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria mwaka 2009, FIFA hupima kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI kuona kama mifupa imeshafunga. Sisi Watanzania tunalijua hilo kwa upande wa neema: Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walikwenda fainali za Afrika Gabon mwaka 2017 baada ya Kongo Brazzaville kuondolewa kwa utata wa umri wa mchezaji wao. Siku hiyo tulishangilia. Usije ukawa upande wa pili wa habari ya namna hiyo kwa sababu ya kikombe cha mtaani. Vijana wako wawili wa miaka 16 nina kazi nao, nitawafikia.

(Fungu la kamati ya ufundi sitaligusa. Sote tunajua ile kamati hushughulika na ufundi wa waganga, si wa mpira. Hela hiyo ingenunua mpira.)

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, ishirini au sitini.

Mwaka 1987 watoto wa Mathare, Nairobi, walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi na mifuko ya nailoni, kama hao wako walivyokuwa wanacheza barabarani. Mkanada mmoja, Bob Munro, aliyekuwa mshauri wa mambo ya mazingira, akakubaliana nao: atawasaidia kuwa na ligi, nao watasafisha mtaa, maana Mathare ya wakati huo taka zilikuwa zinalala mlangoni na magonjwa yanatoka humohumo. Hapo ndipo ilipoanza MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare. Lililonivutia mimi tangu nilipolisikia ni hesabu ya pointi zao. Timu ikishinda mechi inapata pointi zake tatu. Ikikamilisha kazi ya usafi inapata sita. Ina maana timu ya watoto wasiojua kupiga hata danadana kumi inaweza kukaa juu ya msimamo kwa sababu imeshika reki na toroli, na wale wakali wakitaka kuwafikia, nao washike reki. Mwaka 1992 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, liliwapa tuzo kwenye mkutano wa Rio de Janeiro. Tuzo ya mazingira, kwa watoto wa mpira!

Hawakuishia kwenye taka. Waliingiza kadi ya kijani, ambayo refa humpa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wote, na kadi hizo pamoja na kazi za kujitolea zikawa zinahesabiwa mtoto anapoomba msaada wa karo. Anayekosa adabu uwanjani alikuwa akipelekwa kuchezesha mechi za wadogo, aonje mwenyewe inavyokuwa kupigiwa kelele ukiwa na filimbi mdomoni. Ligi ziliendeshwa na vijana wenyewe. Kocha ni mtoto aliyekua hapo, refa ni mtoto aliyekua hapo.

Na vikombe? Vilikuja. Mathare United iliundwa mwaka 1994, miaka saba baada ya watoto kuanza. Mwaka 2008 ikawa bingwa wa Kenya. Hakuna aliyekaa mwaka 1987 akachagua ishirini wakali na kuwarudisha wengine barabarani. Walilea maelfu, na katika maelfu hayo wachezaji wakajitokeza wenyewe.

Nimefundisha shule ya msingi na kupeleka timu UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, kwa miaka mingi, nakuambia kitu ambacho kila mwalimu wa michezo anakijua: ukichuja watoto wa miaka kumi na moja, utachagua waliowahi kukua. Yule mrefu mwenye mapaja anawapita wenzake kwa sababu amebalehe kabla yao. Miaka mitatu baadaye wanamfikia, naye hajui kitu zaidi ya kukimbia. Kale kembamba ulikokaacha, kalikokuwa kanalazimika kutumia akili ili kasivunjwe miguu, keshaacha mpira kwa sababu uliwahi kukaambia hakajui. Mdhamini anataka ishirini kwa sababu anatafuta kikombe cha mwaka huu. Watoto wako wanahitaji mahali pa kuwa saa kumi na moja jioni. Hizo ni biashara mbili, na yeye anakulipa uifanye ya kwake.

Kuhusu wasichana sina maneno mengi. Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 India, wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Kanada, wakafika robo fainali. Kabla yao hakuna timu ya taifa ya mpira wa miguu ya Tanzania, iwe ya wanaume au wanawake, iliyowahi kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Muulize mdhamini hayo ndiyo mambo wanayoleta? Ila kuna kitu kimoja ukiangalie. Wasichana kumi na wanne kati ya sitini si kwamba wengine hawapendi. Jioni saa kumi na moja msichana wa Vingunguti anachota maji, anawasha jiko, ana mdogo wake mgongoni. Wape Jumamosi asubuhi, na tandika mkeka kando ya uwanja, anayekuja na mdogo wake amwache pale na mama mmoja wa zamu. Utaona idadi inavyopanda.

Namna ya kuwaendesha bila hela. Acha mechi za kumi na mmoja kwa kumi na mmoja kwa wadogo. Mtoto wa miaka tisa kwenye uwanja mkubwa anagusa mpira mara mbili, halafu anaanza kuokota mawe. Kata uwanja vipande vitatu, wacheze wanne kwa wanne au watano kwa watano, mipaka iwe chupa za maji zilizojazwa mchanga. Mipira miwili na mmoja mzuri wa chandimu mliousokota wenyewe inatosha viwanja vitatu. Wagawe timu kwa kuchanganya, wakali na wasiojua, asiwepo wa kuchagua rafiki zake. Jezi usihangaike nazo: timu moja ivae mashati, nyingine igeuze ndani nje, na ile seti yako ifuliwe isubiri siku ya mechi. Maji ya kunywa ndiyo yasikose. Ndoo yenye mfuniko na bomba, maji yamechemshwa au yametiwa dawa, vikombe viwili, mtoto wa zamu anasimamia. Wengi wao wamekula asubuhi tu, wengine hata asubuhi hawakula, kwa hiyo anayekaa chini katikati ya mazoezi usimwite mvivu mbele ya wenzake, muulize pembeni.

Wale wawili wa miaka 16 wape filimbi. Wafundishe sheria, wawe marefa na wasaidizi wako. Hapo umepunguziwa kazi, nao wana cheo mtaani ambacho hakikuhitaji cheti cha uongo.

Usafi fanyeni, lakini si kwenye mitaro wala kando ya Mto Msimbazi, na masika msiusogelee kabisa. Anzeni na uwanja wenyewe na njia ya kuingia shuleni, kwa reki na glovu, pasiwe na mtoto anayeokota kitu kwa mkono mtupu. Mwalike mwenyekiti wa serikali ya mtaa aje kuona. Kiongozi akiona watoto sitini wamesafisha, siku mtu akitaka kugeuza kona ya uwanja kuwa maegesho, una wa kukusemea.

Kina mama wa madaftari wana haki. Ufunge mazoezi ya kila siku. Jioni mbili za katikati ya wiki na Jumamosi zinatosha kabisa kwa umri huo, na asiyemaliza kazi ya nyumbani aje nayo, aimalize kwenye kivuli kabla ya kuingia uwanjani. Usimpige wala usimzungushe uwanja mara kumi. Akishawaona wenzake wanaanza mpira, kalamu itakimbia yenyewe.

Kabla ya Jumapili fanya jambo moja: nenda kwa afisa michezo wa wilaya uulize taratibu za kusajili klabu. Usajili unafanywa na Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Nakusukuma kwa sababu timu yako leo haina jina kwenye karatasi yoyote. Mwenye hela anaweza kulisajili la kwake kesho, akachukua na watoto, ukabaki na mipira miwili na ule uvimbe.

Mdhamini usimfungie mlango. Mtu anaweza kuwa na tamaa ya udiwani na bado mipira yake ikawa mipira. Mwandikie barua fupi: watoto wote wanabaki, wasichana wanabaki, jina la timu linabaki, hakuna kambi, hakuna karatasi ya wazazi, hakuna cheti kitakachoguswa. Tangazo la duka lake kwenye jezi karibu sana. Picha yake na rangi za chama hapana, na hilo sababu utaipata kwa mwalimu mkuu, kwamba uwanja ni wa shule. Vifaa vikija vipokelewe mbele ya mwalimu mkuu na wazazi wawili, viandikwe, vifungiwe stoo ya shule, visikae kwako.

Posho ndiyo ngumu, na sitajifanya sijui 150,000 inafanya nini kwenye chumba cha kupanga. Lakini mtu anayekulipa kutoka mfukoni mwake atakuwa na neno la mwisho juu ya nani acheze. Akitaka kukusaidia, fedha apewe mweka hazina ambaye wazazi wamemchagua, ijulikane ni kiasi gani na ya nini. Akikataa njia hiyo, waite wazazi uwaeleze kila kitu wazi, masharti na kiasi, kisha waombe wachange kidogo kidogo kwa mwezi, mwenye duka wa hapo jirani awe shahidi wa daftari. Watatoa wachache. Mpira mmoja kila baada ya muda utapatikana.

Na mke wako msikilize. Hajakataza mpira, amesema unga. Jioni unazozirudisha kwa kupunguza mazoezi zipeleke kijiweni mpaka saa ile watu wa bodaboda wanapotafuta fundi kwa haraka, na Jumapili ikae ya nyumbani. Barua ya mdhamini basi mpelekee Ijumaa, ukiwa na mwenyekiti wa mtaa na yule mama anayelalamika zaidi kuhusu madaftari. Huyo mama, kwa maelezo yako, hatanyamaza.